Mtani Mwenye Funguo za Wote

Niliisikia sentensi yangu kabla sijamwona aliyekuwa akiisoma. Nilikuwa nimeteremka Masasi kutoka Newala, vumbi la njiani bado kichwani, mkono wangu uko kwenye mlango wa aluminiamu wa steshenari. Ndani, sauti ya kiume ilisoma polepole, kama msomaji wa somo kanisani: "Mama hakulia siku baba alipoleta mke wa pili. Alilia kesho yake, alipofungua kisima chake akakuta mwenzake amekwisha chota."

Watu wakacheka.

Maneno yale sikuwa nimemwonyesha mtu. Mama alinisimulia nyumbani kwetu Kitangari, tukiwa wawili tu, tunabangua korosho. Niliyaandika kwenye riwaya yangu, na kila sura nilikuwa naituma kwenye barua pepe yangu mwenyewe ili isipotee. Sasa mwenye duka alikuwa anawasomea wateja wanaosubiri kopi.

"Aa, mtani!" akaniita, hata hakushtuka. "Karibu, mwandishi wetu. Kumbe mama ana wivu hivyo!"

Yeye Myao, mimi Mmakonde. Ni watani, na mtani ana ruhusa. Anaweza kuingia msibani kwako akamkamata kuku na kumchinja, nawe ukacheka katikati ya machozi. Kwa hiyo nilicheka. Nilicheka huku namchimbia shimo.

Sanduku lile la barua pepe alinifungulia yeye nilipomaliza shule, kama alivyowafungulia karibu vijana wote waliokuja kwake kuomba chuo. Siku ile simu yangu ya kitochi ilikuwa imezima, akasema, "Weka namba yangu, mtani, tutabadilisha baadaye." Baadaye haikuja. Sasa, niliporudi nyumbani baada ya kile kicheko, nikabadili nenosiri. Akanipigia: "Mtani, namba za uthibitisho zimeingia kwangu. Unahama?" Nikajaribu kuiondoa namba yake, nikaambiwa nithibitishe kwanza, kwa ujumbe uliotumwa kwenye simu yake. Nilikuwa namwomba mwizi ruhusa ya kubadili kitasa.

Basi nikahama. Nilichagua kwa hasira, na hasira husoma kwa makini kuliko subira. Yale masharti marefu ambayo watu hubonyeza "nakubali" na kupita, niliyasoma neno kwa neno. Kampuni moja ilinipa nafasi kubwa bure, lakini chini kabisa ilikiri kwamba huchambua barua za watu ili ijue matangazo ya kuwaletea. Huyo ni mtani mwingine, nikasema, ila amevaa suti. Nyingine ilitaka namba ya simu kabla hata ya salamu. Nyingine ilisifia kufuli yake, kumbe ufunguo wa akiba inabaki nao yenyewe.

Kila moja niliipima kwa kisima cha mama. Huku juu uwandani maji ya mvua hushuka kutoka kwenye bati hadi kisimani, na tangu mwenzake alipochota, mama alitia kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Fundi aliyejenga kisima hana ufunguo wa pili. Nilikuwa natafuta kampuni kama fundi yule, nikaipata. Ilikuwa imeandika wazi: ukisahau nenosiri, barua zako za zamani hata sisi hatuwezi kukufungulia. Waandishi wenzangu waliona ni hatari. Mimi niliisoma sentensi ile kama shairi.

Nikahamisha sura zote. Kwenye sanduku la zamani nikaacha moja, niliyoiandika kwa ajili ya mtani wangu.

Nilirudi Masasi Jumamosi, msimu wa korosho, steshenari imejaa. Palikuwa na mwalimu mstaafu, na mama mmoja wa kanisani ambaye mwanawe anasoma mbali. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia.

"Mtani, sura mpya vipi?" mwenye duka akauliza. "Watu wana njaa hapa."

"Iko kwenye barua pepe yangu. Wasomee."

Nikakunja mikono, nikasimama mbali na meza ili kila mtu aone sijagusa kitu. Akabonyeza "nimesahau nenosiri", simu yake ikalia. Akatazama namba za uthibitisho, akaziingiza, akakohoa kidogo.

"'Palikuwa na mtu aliyewafungulia wenzake milango, akabaki na funguo. Alijua binti yupi amekosa chuo kabla wazazi wake hawajajua. Alijua mama yupi...'"

"Endelea, mtani," nikasema. "Ndiyo kwanza panakolea."

Mwalimu akavua miwani. "Kijana, umeingiaje humo? Binti hajakupa nenosiri."

"Namba ni yangu, mwalimu. Nilimsaidia tu."

"Na kwangu uliweka ya nani?"

Mama wa kanisani akasogea mezani. "Ndiyo maana uliniuliza mwanangu amepona? Aliniandikia mimi! Sikumwambia mtu!"

"Jamani, utani tu huu."

"Utani!" yule mama akasema. "Mtani humkamata kuku uwanjani, mfiwa anaona. Anayeingia bandani kimyakimya ana jina lake, na wewe unalijua."

Wakamsimamia. Akaanza kuondoa namba yake kwenye barua pepe ya mwalimu, ya yule kijana wa mama, ya kila aliyekuwa kwenye foleni, shati limemganda mgongoni. Yangu nilimwachia mwisho, ile sura ikiwa bado wazi kwenye kioo.

Wapo wanaoniambia ningemwita pembeni, tuyamalize kiutu uzima. Mama yangu hakuchekwa pembeni.

Tulipobaki wawili akaniinulia uso. "Mtani, umeniua."

"Pole," nikasema. "Ni utani."

Nikatoka. Nyuma yangu mlango ukafungwa, nikasikia ufunguo ukizunguka, safari hii ufunguo wake mwenyewe.