Jioni Shangazi Aliporudi Mezani

Kwa nini shangazi yangu, ambaye kwa miezi mingi alikataa kula nami meza moja nyumbani kwetu Westmead, huku ughaibuni, alichagua kurudi mezani kwenye mkahawa wa Wameksiko? Nilijiuliza swali hilo jioni ile nzima na sikupata jibu, ingawa nilikuwa na digrii na tabia ya kubishana na kila kitu.

Shangazi ni muuguzi. Wodi yake ilipogeuzwa kuwa ya wagonjwa wa korona, alijitenga nami ndani ya nyumba ileile. Alibandika plasta kwenye sahani yake na kijiko chake ili nisivishike. Akitoka kazini alipita moja kwa moja bafuni, kisha chumbani, akafunga mlango. Kwetu mtu huitwa mezani, na asipokuja huulizwa nani kamuudhi. Mimi nilikula ugali wangu nikitazama ukuta, nikimsikia akicheka na simu upande wa pili. Nilipomwambia kwamba sote tumeshachanjwa na kwamba takwimu haziungi mkono hofu yake, alinijibu bila kufungua, "Takwimu zako hazijawahi kunikoholea usoni." Nikaacha. Lakini nilianza kuogopa kwamba atazoea, na kwamba hata korona ikiisha tutabaki wapangaji wawili tu.

Mikahawa ilipofunguliwa, wiki ileile aligonga mlango wangu.

"Vaa nguo ya watu. Tunaenda kula mjini Parramatta."

Ulikuwa mkahawa mdogo wa familia, mtaa wa nyuma. Baba mwenye mkahawa alipokea wateja, mkewe alikuwa jikoni, na mama yake, bibi mfupi mwenye nywele nyeupe, alikanda unga wa mahindi kando ya dirisha. Joto la mchana lilikuwa halijaisha, kwa hiyo tulipewa meza ya nje. Tukaonyesha vyeti vya chanjo, tukaketi, tukavua barakoa.

"Tukisimama tuvae, tukiketi tuvue," nilisema. "Kwani hivi virusi vinapita juu tu, kama ndege?"

"Msomi, tulia."

"Nauliza tu."

"Uliza ukila."

Hata hatukuagiza. Bibi alitoka na sahani moja kubwa: maharagwe yaliyopondwa, kuku aliyechambuliwa, parachichi, ndimu, na chapati za mahindi zikifuka mvuke chini ya kitambaa. Sahani moja, vijiko hakuna. Nilimtazama shangazi. Nilikuwa tayari kumwombea sahani ya pili, haraka, kabla hajaona aibu ya kuiomba mwenyewe.

Alikitazama chakula kwa muda. Kisha akachukua chapati, akamega kipande, akakibonyeza kwa kidole gumba kama tonge la ugali, akachota maharagwe. Bibi akatikisa kichwa. Akachukua chapati nyingine, akaijaza na kuikunja polepole, kama anayemwonyesha mtoto.

"Huyu mama ananifundisha mahindi," shangazi aliniambia. "Mimi, mtu wa Kitale."

"Si umwambie."

"Kwa lugha gani? Yeye hana Kiingereza, mimi sina Kihispania."

Akamega tena vilevile, makusudi. Bibi akampiga kofi dogo la begani, akacheka hadi mwanawe akatoka kuangalia kuna nini. Nami nikabaki nimekaa, mikono mapajani, sijui kama naruhusiwa.

"Unangoja kadi ya mwaliko?" shangazi akauliza, akanisogezea sahani.

Tulikula. Vidole vyetu viligongana kwenye maharagwe na hakuondoa vyake. Pilipili ilimtoa machozi, akayapangusa kwa kiwiko na kuendelea kunisimulia juu ya daktari mmoja anayeogopa sindano. Nilikuwa sijamsikia akisimulia kitu tangu majira ya joto yaliyopita.

"Kwa nini hapa?" nilimuuliza mwishoni.

"Chakula ni kitamu."

"Ulijuaje?"

"Nina pua."

Kesho yake alipika ugali na samaki, akaniita mezani kwa sauti ya nyumba nzima.

Miaka ilipita. Bibi aliamua kurudi kwao Meksiko, na shangazi alikwenda kumuaga. Aliporudi aliketi jikoni bila kuvua koti, akanieleza jambo alilonificha asije akaniumiza. Majira yote yale ya kufungiwa, kila siku ya shifti, alinunua chakula cha jioni kwenye dirisha la mkahawa ule na kukila akiwa amesimama nje. Na kila mara bibi alizima jiko lake, akavuta kigoda hadi kwenye kioo cha dirisha, akajipakulia, na kula naye taratibu mpaka shangazi amalize.