Watoto wa Juu ya Dungu

Kijijini kwetu, huku upande wa Usevya, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kununua mashine ya kukoboa mpunga kwa jasho langu mwenyewe. Sikurithi kitu. Nilisoma mpaka darasa la tatu, la nne nililiona dirishani. Nilianza na baiskeli, napeleka mchele Mpanda, narudi na chumvi na sabuni, na njiani nimewahi kukutana na simba amelala barabarani kama amelipia. Nikashuka, nikasimama, tukatazamana, akaondoka yeye. Waliokuwa nyuma yangu wapo, waulizeni. Nasema haya ili mjue kwamba mtu wa namna hiyo akisema siku fulani aliogopa, si maneno ya kuongezea chumvi.

Nilichokiogopa kilikuwa shambani kwangu.

Miaka ile ya tisini, kama huijui Mpimbwe yetu, mpunga ukianza kuinama kijiji kinahama. Watu wote tunakwenda mbugani, tunajenga vibanda, kwa sababu ya ndege. Kwelea wakishuka asubuhi, jioni unavuna majani. Sasa nani ataamia ndege wakati mikono ya wakubwa inavuna? Ni mtoto. Yule ambaye mundu hauwezi lakini sauti anayo, wa miaka minne, mitano. Tunamjengea dungu, jukwaa la miti lililo juu kuliko kichwa cha mtu, tunamwezekea kivuli cha nyasi, tunampandisha asubuhi na maji yake na kiporo chake. Kisha tunaondoa ngazi.

Usishtuke. Ngazi haikuondolewa kwa ukatili. Chini kuna nyoka, kwenye madimbwi kuna viboko, na hifadhi ipo pale pale, wanyama hawana habari ya mpaka. Mtoto asiye na ngazi hapotei. Mimi nilikaa juu ya dungu, baba yangu alikaa. Ndivyo ilivyokuwa.

Mama anavuna upande wa pili wa shamba, mgongo umeinama, lakini masikio yako juu. Kila mtoto ana ukelele wake. Binti yetu alikuwa anaita "Hooo-ya! Hooo-ya!" na kupiga debe. Sauti ikija, mama anaendelea kukata. Mbuga nzima ilikuwa hivyo, sauti za watoto kutoka kila upande, na kina mama wanazisikiliza huku wakiongea mambo mengine.

Siku hiyo nilitoka mashineni mchana, nikawaletea chumvi na dagaa. Nikamkuta mama watoto amesimama wima, mundu mkononi, hakati.

"Unamsikia?" akaniuliza.

"Nani?"

"Mtoto."

"Si amelala. Jua kali hili."

"Halali huyo. Akilala huwa anaanza kupunguza sauti kidogo kidogo. Leo amekatika katikati."

Tukaanza kwenda. Mimi mbele, naongea kwa sauti, namwambia wanawake mna hofu za bure. Tulipokaribia akanishika shati kwa nyuma, akalivuta mpaka kifungo kikatoka. Nikatazama alikokuwa anatazama. Chini ya dungu, kivulini, palikuwa na mgongo mweusi.

Alikuwa mbogo. Dume zee, wale wanaofukuzwa na kundi lao wakabaki na hasira peke yao. Mtu wa kwetu atakwambia heri simba. Alikuwa amesimama anajikuna shingo kwenye nguzo, na kila akijikuna, dungu zima linayumba, linakwenda na kurudi. Juu hatukuona kitu. Nyasi za kivuli zilikuwa zimeshuka, na sauti hakuna.

Nguzo zile nilizikata mwenyewe. Nikaanza kuzikumbuka moja moja. Ipi ilikuwa na ufa? Ipi niliichimbia kina kifupi kwa sababu udongo ulikuwa mgumu na nilikuwa na haraka ya kurudi mashineni? Mama watoto alikuwa amenishika mkono, kucha zake zimeingia, na mimi sikuzisikia mpaka jioni nilipoona damu.

Mzee mwenye shamba la jirani, mtu mrefu mwenye mdomo mchafu, akaja anapiga kelele: "Nyie mbona mmesimama kama wageni wa msiba? Ndege wanakula—" Akaona. Akafunga mdomo kwa kiganja chake. Akarudi kinyumenyume, akampungia mkono aliyemfuata, naye akampungia mwingine. Maana mbogo akishtuliwa na kelele hakimbii, anapiga kilicho karibu, na kilichokuwa karibu ni nguzo. Basi nikasikia sauti za watoto zinazimika, dungu moja baada ya lingine, mpaka mbuga nzima ikawa kimya.

Na ndege wakashuka.

Walishuka kama shuka linalotandikwa. Kwangu, kwa jirani, kwa wa mbele yake. Hakuna aliyetupa hata jiwe. Watu wazima walikaa kwenye mashina ya mpunga wao, wanatazama chakula cha mwaka kikipukutika, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu ya mtoto wa mtu mwingine. Mimi nilikuwa naomba kitu kimoja tu, asije akalia. Halafu nikawa naomba alie, nijue yupo.

Mbogo alipochoka aliondoka, taratibu, anakanyaga mpunga kuelekea dimbwini. Nilikimbia. Ngazi niliitafuta mahali inapolazwa siku zote, nikakuta mbogo ameivunja. Nikapanda nguzo kama nyani. Binti yangu alikuwa amekaa katikati ya jukwaa, ameuma mkono wake mwenyewe, na macho yake hayakugeuka nilipomwita.

Hakulia. Wala hakusema. Si siku ile tu. Mpunga ukaisha, tukarudi kijijini, mtoto anakula, anatembea, neno hatoi. Mama yake akimwita anatazama mdomo wake, basi.

Kijijini palikuwa na shule ya vidudu, kama tulivyoziita shule za wadogo. Msichana mmoja aliyemaliza la saba alikuwa anafundisha watoto kwenye banda nyuma ya kigango, kanisa letu dogo. Nilikuwa nawacheka waliopeleka watoto wao wakaimbe imbe. Mama watoto hakuniuliza, akampeleka. Mwalimu yule hakumlazimisha kusema. Alimpa mchanga, kokwa za embe, vifuniko vya chupa, akamweka kati ya wenzake. Masika yalipokolea nilipita pale na baiskeli nikamwona mtoto wangu anacheka. Cheko lisilo na sauti, lakini mabega yanatikisika. Nilishuka, nikaisukuma baiskeli mpaka nyumbani.

Kumbe hofu ilikuwa bado. Mpunga ulianza tena kuinama. Kila mwaka msimu ukifika, shule ile ilikufa: wazazi wanawatoa watoto waende madunguni, na mwalimu mwenyewe anakwenda kuvuna kwa watu apate chakula. Yaani mlango ulikuwa unafungwa wakati ule ule ambao nje pana meno.

Nikamwendea mwalimu, kifua mbele. "Msimu huu usiende kuvuna. Mimi nitakulisha, wewe na mama yako. Ubaki na mtoto wangu."

"Na nani mwingine, baba?"

"Wa nini mwingine? Mimi ndiye ninayetoa."

Akacheka, si kwa dharau. "Mtoto wako hakurudishwa na mimi, baba. Amerudishwa na wenzake. Nikibaki naye peke yake bandani nitakuwa dungu jingine tu. Lete watoto, nami nitabaki."

Nilizoea kwamba kitu nikikitaka nakinunua. Hiki hakikuuzwa kwa mtu mmoja.

Ndipo nikasimama kwenye mkutano wa kijiji. Ajenda ilikuwa fungu letu la ushuru wa mazao, na uongozi ulitaka kuezekea ofisi bati jipya. Nikasema ofisi isubiri. Hilo fungu limlishe mwalimu, lipike uji, vidudu wabaki kijijini msimu mzima, na wakubwa tupeane zamu za kuamia ndege.

Watu wakaangua kicheko. Yule mzee jirani akainuka. "Bwana mashine! Tulipie watoto kucheza? Na wewe mwenyewe ulisoma vidudu gani? Ulikaa dunguni kama sisi, leo hii una mashine, una tumbo, unatufokea. Si tuache tu watoto wakae dunguni wawe kama wewe?"

Wakapiga makofi. Nami nikaogopa, maana lilikuwa neno langu mwenyewe, nililokuwa nalisema kilabuni kila Jumapili. Nilimwona binti yangu kwenye mapaja ya mama yake, mbele, anatazama midomo ya watu.

Nikasema, "Ni kweli, mzee wangu. Mimi ni mwanamume wa mfano, sikatai. Lakini mnanitazama mimi kwa sababu mimi nipo. Waliopandishwa madunguni mwaka mmoja na mimi, wote wamekuja mkutanoni leo?"

Kila ukoo pale una mtoto wake aliyebaki mbugani, kwa nyoka, kwa homa iliyochelewa kujulikana, kwa nguzo.

"Na msiseme hatuwezi kulipia," nikaendelea, sauti inanitoka vibaya. "Siku ile mlikaa kimya, ndege wakala mpunga wenu. Hakuna aliyenidai. Mlishalipa nyie, kwa mtoto mmoja, mchana mmoja. Mimi naomba tulipe kabla mbogo hajafika."

Mzee akakaa. Mwenyekiti akauliza nani anaafiki. Mikono haikuwa mingi kama ningependa, ila ilitosha.

Asubuhi ya kwanza ya msimu nilimpeleka mwenyewe. Nilisimama mlangoni mpaka mwalimu akanifukuza: "Baba, nenda shamba. Ukisimama hapo anaogopa kwa sababu wewe unaogopa." Nikaenda, nikapanda dungu, mwenye mashine mzima, watu wananicheka, nikapiga debe mpaka mchana. Kule juu upepo ukija miti inalia na jukwaa linayumba. Nilishasahau.

Jioni mama watoto akaenda kumchukua. Walipofika nikamwuliza, "Alilia?"

"Hakulia."

"Amesema?"

"Mwalimu anasema kuna mtoto alimkalia kwenye mkeka. Mwanao akamwambia, sogea."

Neno moja. Nililala nikilirudia.

Lakini fungu letu lilitosha kijiji chetu tu, tena mwaka wa mavuno. Ng'ambo ya mto, kuelekea Mamba, na kwa wafugaji waliohamia Kasansa, watoto walikuwa bado juu. Na mwaka mvua ilipogoma, ushuru haukuwepo, na mwalimu wetu naye akarudi kuvuna kwa watu. Ndiyo maana leo nikimwona kiongozi anakuja kutuuliza tunataka nini kwanza, barabara au zahanati, nanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nasema nataka mwalimu wa wadogo kabisa, alipwe na serikali, mvua inyeshe isinyeshe. Wananiambia nikae, zamu yangu bado. Huwa sikai.