Karata za Baba kwenye Kompyuta ya Chogo

Mwezi uliopita mpangaji wetu wa Nyasho, Musoma, alihama, nami nikatoka Bunda ninakofanyia kazi, nikaenda kuisafisha ile nyumba kabla hajaingia mwingine. Unaijua kazi ya kusafisha nyumba iliyokaliwa na watu wengi: unafagia, unakohoa, unaokota vitu usivyojua vilikuwa vya nani. Juu ya kabati, katika chumba kilichokuwa cha wazazi, nyuma ya ndoo iliyotoboka, nikakuta kibodi ya kompyuta. Ilikuwa imegeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku, na baadhi ya herufi zilikuwa zimefutika kabisa. Nikabonyeza kitufe kimoja. Kikatoa ule mlio wake mzito, na mashavu yangu yakapata moto. Nilikuwa peke yangu, mtu mzima mwenye watoto, lakini niligeuka kutazama mlangoni kama kuna aliyeniona.

Ngoja nikueleze kwa nini.

Baba alikuwa karani wa mafaili katika ofisi moja pale Musoma mjini. Kazi yake ilikuwa kujua kila faili liko wapi, na alijivunia sana. Alivaa tai kila siku ya kazi, hata lile jua la Januari linapoyachoma mawe ya ziwani mpaka huwezi kuyakalia. Nilipokuwa darasa la sita, zikaletwa kompyuta ofisini kwao. Ikasemekana wafanyakazi wote watafundishwa, kisha watapimwa, na atakayeshindwa atatafutiwa kazi nyingine. Baba hakutuambia hayo. Mama aliyasikia sokoni, kwa mke wa mfanyakazi mwenzake, wakati wakichagua dagaa.

Wakati huo baba mdogo alikuwa anafanya kazi shuleni, huko Bunda. Shule yao ilikuwa inaziondoa kompyuta za zamani, naye akampatia kaka yake moja. Ilitoka stendi ikiwa juu ya mkokoteni, imefungwa kwenye blanketi la mama, na baba akitembea kando ameishikilia kwa mikono miwili. Jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyekuwa hapitwi na jambo, akasimama kwenye ua wake na kuuliza mgonjwa ni nani. Baba akajibu, "Si mgonjwa. Ni mambo ya ofisini."

Watoto wa siku hizi hawawezi kuamini ukubwa wa kitu kile. Kioo chake kilikuwa na chogo refu kiasi kwamba meza ya sebuleni ilibidi ivutwe kutoka ukutani. Chini yake kulikuwa na kasha la chuma lenye feni ndani, na ukiliwasha linakoroma, linatulia, linakoroma tena, kama mtu anayekataa kuamka. Uliweza kwenda kuchota maji, ukarudi, ukakuta bado inajitayarisha. Halafu chumba kikaanza kunuka vumbi lililopata joto, harufu ambayo mpaka leo naipenda. Mama alifuma kitambaa cheupe chenye maua ya pembeni, na kila jioni kompyuta ilifunikwa kama bibi harusi.

Jumapili ile ya kwanza baba mdogo alikuja kutuonyesha namna ya kuitumia. Tulikula sato na ugali wa muhogo, tukanawa mikono mara ya pili kwa sabuni kwa amri ya baba, ndipo tukaruhusiwa kusogea. Ndani yake mlikuwa na michezo. Kulikuwa na mmoja wa kutafuta mabomu yaliyofichwa kwenye vyumba vidogo vidogo, na mwingine wa mtu mdogo anayeruka mashimo akikimbizwa na popo. Lakini ule ambao baba mdogo alitaka tuujue kwanza ulikuwa wa karata. Unazipanga, nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu, mpaka ziishe zote.

"Kaka, uanze na hizi," akamwambia baba. "Ukiziweza karata, mausi imekukubali. Mengine yanakujaga yenyewe."

Mimi mausi ilinikubali siku hiyohiyo. Sisemi kwa kujisifu, watoto wote ndivyo walivyo. Baba haikumkubali.

Siku chache baadaye alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akafunga mlango wa sebuleni. Mama alikuwa uani anaanua dagaa. Baba akavuta pazia, akakaa, akaniita kwa sauti ya chini. "Hebu mama, njoo. Nionyeshe tena pale yule baba yako mdogo alipobonyeza."

Nilisimama nyuma ya bega lake. Mkono wake uliozoea mafaili mazito uliishika ile mausi kama mtu anayemshika kifaranga na kuogopa kumuumiza. Mshale wa kwenye kioo ukawa unaruka huku na kule. Mausi ikifika ukingoni mwa meza, alikuwa anainyanyua hewani na kuendelea kuisukuma humo hewani, akishangaa kwa nini mshale umegoma. Mwishowe nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake. Nikausogeza taratibu. Nikabonyeza kidole chake kwa kidole changu.

Sijui kwenu ilikuwaje, lakini kwetu mtoto wa kike hakuwa akimshika baba yake mkono namna hiyo. Baba alikuwa mtu wa kusalimiwa kwa magoti na kupelekewa maji ya kunawa. Niliona jasho kwenye shingo yake, juu tu ya kola, nikatazama pembeni. Nilijiona kama nimemkuta anaoga.

Tukafanya hivyo kila jioni. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake kwamba iwe siri, ila ilikuwa siri. Mtu akibisha hodi, baba aliondoa mkono wake haraka, akakaa wima na kusema kwa sauti kubwa, "Umeona sasa? Ndivyo inavyofanya." Nami najibu, "Nimeona, baba." Yule mwalimu mstaafu alitukuta hivyo mara nyingi. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia, "Una bahati wewe. Wazazi wengine hawakaagi na watoto wao hivi." Baba anatazama kioo. Mimi natazama miguu yangu.

Lakini alijifunza. Polepole, kwa shida, alijifunza. Aliweza kuishika karata na kuihamisha bila kuiangusha njiani. Jioni moja akazimaliza zote, na zile karata zikaanza kumwagika zenyewe, moja baada ya nyingine, zikidunda chini na kuacha mikia kioo kizima. Baba akacheka mpaka mama akaja kuchungulia. Sikuwahi kumwona akicheka vile kabla ya hapo. Mambo mengine, yale ya kuandika barua na kuihifadhi mahali utakapoipata kesho, tulikuwa hatujayagusa. Mimi mwenyewe sikuyajua. Nilichokijua ni michezo, na nilimfundisha nilichokijua.

Ikafika siku ya kupimwa. Ilikuwa likizo, mimi nilikuwa nyumbani. Baba aliondoka asubuhi na mapema na tai yake ya bluu, akasahau miwani kwenye meza, kando ya kikombe cha uji. Mama akaikuta wakati wa kufuta meza, akaifunga kwenye leso na kunituma mbio.

Nilipofika, mlinzi alinionyesha dirisha. "Wamo mle wote. Simama hapo, akikuona atakuja." Nikasimama. Dirisha lilikuwa na nondo na vioo vilivyofunguliwa kwa ajili ya joto. Ndani walikaa makarani kwenye kompyuta mpya, na dada mmoja mwenye suti, mkufunzi aliyetoka Mwanza, alikuwa anapita katikati yao. Wengine walikuwa wanaandika. Baba alikuwa amekaa mbele ya karatasi nyeupe iliyo tupu kwenye kioo, mikono yake magotini.

Mkufunzi akafika nyuma yake. "Mzee, bado hujaanza?"

"Naanza," baba akasema.

Ndipo akainua macho na kuniona. Tukatazamana. Nikanyanyua leso kidogo ajue nimeleta miwani. Lakini hakusimama. Aligeuka tena kwenye kompyuta, akaishika mausi, na kwa mkono usiotetemeka akafungua karata. Nikaziona zikijipanga kwenye kioo, uwanja wake wote wa kijani ukiwa mbele ya watu. Akachukua moja akaihamisha. Akachukua nyingine.

Aliyeanza kucheka ni kijana aliyekaa karibu naye. Halafu mwingine. Halafu chumba kizima, hata mkufunzi aliziba mdomo kwa mkono. Mtu mmoja akasema, "Jamani, mzee anacheza karata!" Baba akaziacha. Akainuka, akaja dirishani, akapitisha mkono katikati ya nondo na kupokea leso.

"Asante, mama," akaniambia, kwa sauti yake ya kila siku. "Nenda nyumbani."

Nilipita njia ya ziwani ili nisikutane na mtu. Ila habari ilifika Nyasho kabla yangu, sijui kwa miguu gani. Kabla wiki haijaisha baba alikuwa Mzee Karata. Watoto waliniita Binti Karata, na wengine walijifanya wanagawa karata hewani ninapopita. Baba akapewa kazi ya kupokea wageni pale getini, akaifanya na tai yake ileile, na kila nilipotumwa mjini niliona watu wanavyomsalimia huku wanabana kicheko. Mama alishikilia habari moja tu: alisahau miwani, angekuwa na miwani yake angeweza. Aliwaambia majirani, kanisani, na shangazi zetu wa Makoko. Baba alimsikia akisema hivyo na hakumsahihisha.

Kompyuta hakuigusa tena. Sisi watoto tuliendelea kucheza kidogo, sauti chini, akiwa hayupo, lakini utamu ulikuwa umetoka. Karata sikuzifungua. Siku moja umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, tukasikia mlipuko mdogo na kuona moshi ukitoka chogoni. Fundi alikuja akaondoka na vilivyofaa. Baba alistaafu kabla ya wakati wake, akarudi Butiama kwenye shamba la babu, akapanda mihogo na mahindi. Nyumba tukaipangisha.

Na mimi, unajua nilichofanya miaka hiyo yote? Niliamini kwamba baba yangu alikuwa mjinga siku ile. Nilimpenda, nilimtunza, nilimjengea choo cha ndani, lakini humo moyoni nilikuwa na chumba kimoja chenye dirisha la nondo, na ndani yake mzee anacheza karata mbele ya wenzake kama mtoto. Hatukuwahi kulizungumza.

Baada ya kuisafisha ile nyumba nilipitia Butiama. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini vidole vinajua kazi. Nikavuta kigoda, nikachukua hindi langu. Nikamwambia nyumba imekuwa safi, na kwamba nimekuta kibodi ya ile kompyuta. Akatupa gunzi tupu kando.

"Ile kitu ilinitesaga," akasema.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamuuliza, "Baba, siku ile ofisini, kwa nini ulifungua karata?"

Aliendelea kupukuchua. "Yule dada alituambia tuandike barua. Mimi sikujua hata pa kuanzia. Nimekaa pale, natafuta, sioni. Nikainua macho, nikakuona dirishani." Akamwaga punje kwenye ungo. "Nikasema, huyu mtoto kanifundisha jioni zote zile, halafu leo ananikuta nimekaa mikono mitupu. Ataona hajanifundisha kitu. Nikafungua zile ninazozijua, ili uone."

Nilishindwa kuinua kichwa.

"Na niliipata vizuri," akaendelea. "Ile nyekundu, niliiweka juu ya nyeusi mara moja tu, haikuanguka njiani. Uliiona?"

"Niliiona, baba."

Akatikisa kichwa, ameridhika, akachukua hindi jingine.

Ile ofisi imevunjwa, wamejenga ghorofa. Mwalimu mstaafu ameshafariki, na watoto walioniita Binti Karata ni baba na mama za watu. Mchezo wenyewe umo kwenye simu ya kila mtu, unafunguka kabla hujafumba jicho, hakuna feni ya kukoroma wala vumbi la kunukia. Tangu siku ile ya Butiama nimejaribu mara nyingi kuikumbuka hiyo karata nyekundu. Nayakumbuka meno ya yule kijana. Naukumbuka mkono wa mkufunzi mdomoni. Nazikumbuka nondo za dirisha na kutu yake. Karata ya baba siioni.