Mbawakawa Mwenye Ndoana Mbili

Wenzake kazini walimwita Mama Vichupa, na jina likamganda. Chumba chake, ghorofa ya chini ya makumbusho, kilijaa vichupa vya spiriti kutoka sakafuni hadi darini, na ndani ya kila kichupa walilala wadudu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwatoa, akiwachoma pini na kuwachora chini ya hadubini. Na miaka yote hiyo wadudu walimtia kinyaa.

Kinyaa cha kweli, si cha kudeka. Kila alipofungua kizibo aligeuza uso kando kwanza. Wabaya kuliko wote walikuwa mbawakawa wa kinamasini, vidude vya rangi ya kahawia, vyororo kama vimechemshwa, vinavyokulia kwenye maji yaliyooza. Aliajiriwa pale kama mfagizi, mkono wake ukaonekana mwepesi kwa penseli, akapandishwa kuwa mchoraji. Nani angekataa? Mdogo wake wa kike, aliyekaa naye nyumba moja, hakumruhusu hata kugusa unga.

"Dada, kanawe tena."

"Nimenawa mara tatu!"

"Basi iwe ya nne."

Asubuhi moja alikuwa akishughulikia kichupa kilichotoka kwenye kinamasi cha nyuma ya kiwanda cha matofali. Mbawakawa wale hawatofautiani kwa sura. Ukiwatazama utadhani baba mmoja mama mmoja. Ili ujue nani ni nani, sharti umpasue dume tumbo, umchemshe kwenye dawa inayoyeyusha nyama, kisha umtoe uume, mdogo kuliko punje ya chumvi. Mama Vichupa aliifanya kazi hiyo huku amebana pumzi.

"Mtu mzima mimi," alinung'unika, "na wenzangu wana kazi za heshima."

Akauweka chini ya hadubini, akautazama mara mbili. Spishi iliyojulikana ilikuwa na ndoana moja kwenye uume. Huyu alikuwa nazo mbili, moja imepinda kushoto.

Alimwita mkuu wake, Daktari, naye akainamia hadubini.

"Umeuvunja huu," alisema.

"Daktari, kitu kikivunjika hupungua, hakiongezeki."

Daktari akacheka, lakini akasema dume mmoja hatoshi kuwa ushahidi. Ikabidi waende kinamasini wenyewe. Tope liliwafika mapajani, na kila hatua ilitoa mapovu yenye uvundo wa mayai viza. Ruba alimng'ang'ania Mama Vichupa kwenye shavu la mguu, amevimba kwa damu yake. "Tazama uzuri huu!" Daktari alishangilia, ameinua kiganja kilichojaa ute mweusi. Mama Vichupa akajibanza nyuma ya matete, akatapika mpaka nyongo, akapangusa mdomo na kurudi kushika wavu. Walipata madume kumi na moja. Wote ndoana mbili.

Daktari akaandika makala ya kumtambulisha mdudu yule; yeye akachora michoro kumi na minne, kila unywele wa mguu mahali pake. Kisha makala ikaletwa mezani kwake aikague michoro. Mwandishi alikuwa mmoja, Daktari. Mama Vichupa alitajwa mwisho kabisa: "shukrani kwa fundi wa maabara." Na mdudu alipewa jina la mwenyekiti wa bodi ya makumbusho, mtu ambaye hajawahi kushuka ngazi za chumba kile. Mama Vichupa alihisi kichefuchefu zaidi kuliko siku ya ruba. Akaichukua makala, akapanda juu.

"Daktari, mimi nimetapika kwa ajili ya mdudu huyu. Mwenyekiti katapikia wapi?"

Daktari alivua miwani, akaifuta bila sababu. "Unataka aitwe jina lako?"

"Mungu apishe mbali! Uchafu ule uitwe jina alilonipa marehemu mama? Mwite kwa ndoana zake. Jina langu liweke juu ya karatasi, pembeni ya lako."

 Siku ya nne Daktari akamletea karatasi, majina mawili juu na jina la mwenyekiti limefutwa, uso ameukunja kama aliyelamba shubiri.

Jarida lilipotoka, Mama Vichupa alilipeleka nyumbani. Mdogo wake alilipokea kwa fahari, akafunua hadi kwenye mchoro mkubwa.

"Umechora maua, dada?"

Alipoambiwa ni uume wa mbawakawa, alilitupa kochini. "Toba! Na mimi nilikuwa nimwite jirani aje aone!"

"Mwite," Mama Vichupa alisema, akiliokota. "Ila mfunulie ukurasa wa kwanza tu, wenye jina langu."