Uji wa Jirani

Mtu anachemsha mubirizi nyuma ya ukuta wangu asubuhi hii, na harufu ya majani yale machungu hainiachi nitulie. Ndiyo dawa mama aliyomnywesha dada yangu mkubwa nilipokuwa mdogo, siku alizokuwa akikimbilia choo mchana kutwa, akitoa damu na kukonda.

"Balimuroga mutoto wangu," mama alisema. Alimaanisha jirani yetu mjane, kwamba alitia sumu katika uji aliompa dada siku tumbo lilipoanza kuuma. Tulikatazwa kumsalimu. Vijana wakaanza kurusha mawe ya volkano juu ya bati lake.

Mwishowe papa, baba yetu, alimpeleka dada hospitali, mama nami tukafuata. Daktari alimpima utumbo kwa kamera, kisha akatuita.

"Hii si sumu, mama. Ni ugonjwa wa Crohn. Kinga ya mwili inashambulia utumbo wake mwenyewe. Chanzo hatukijui vizuri. Dawa itamtuliza, lakini haitaumaliza."

"Sasa nani alifanya hivi?"

"Hakuna mutu, mama."

Mama alipokea vidonge, lakini bado hakumsalimu mjane.

Dada alipopata nguvu, alingoja watu watoke kanisani. Akavuka njia, akaketi mlangoni kwa mjane, akasema kwa sauti, "Mama, unipatie uji."

Mjane aliuleta upesi hata akaumwaga kidogo. Dada aliunywa wote mbele ya watu. Mama alisimama getini kwetu, mikono kichwani, na hakumwita arudi.