Bolti Mbili Zisizo na Rangi

Waya wa klachi ulikatika nikiwa nimebakiza kilomita moja na ushei, kwa hiyo niliingia mji ule kwa miguu, nikisukuma pikipiki, jasho likinitiririka hadi kwenye soksi. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Najua kusema "waya wa klachi umekatika" kwa lugha saba, na kwa zote saba jibu la kwanza huwa ni kutikiswa kichwa. Muuza magazeti wa kwenye kona hakutikisa. Aliitazama pikipiki, akanitazama mimi, akasema, "Nenda kwa Fizi."

"Ni fundi pikipiki?"

"Ni fundi meno."

Nilidhani ananitania, lakini nilikuwa nimechoka kiasi cha kutii. Nyumba ya tatu baada ya duka la vioo ilikuwa na kibao: MENO YA BANDIA, KUTENGENEZA NA KUUNGA. Ndani, ukuta mzima ulikuwa rafu, na rafu zote zimejaa taya za plasta, kila moja juu ya kisanduku chenye namba na jina la mwenye meno. Mwanamume wa miaka hamsini hivi, aproni ya kijivu, alikuwa anang'arisha meno ya chini kwenye mashine ndogo. Hakuinua uso.

"Umeisukuma," alisema. "Ni klachi au petroli. Petroli ungeinunua pale kwenye kona."

"Klachi."

"Ipitishe kwa nyuma."

Nyuma kulikuwa na ua uliofunikwa mabati, sakafu ya saruji iliyofagiliwa ikafagilika, na pikipiki tano za mbio, zote za zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Ni zile za silinda nne na karabureta nne, zenye kava za plastiki kuanzia usukani hadi tumboni, ambazo siku hizi ukivunja kipande kimoja hukipati tena popote. Ndipo nilipoelewa jina la Fizi. Aligeuza kava moja anionyeshe upande wa ndani. Kila sikio la plastiki, pale bolti inapopita, lilipokatika, alilijenga upya kwa ile plastiki anayotengenezea ufizi wa wateja wake. Kwa nje pikipiki ilikuwa nyeupe na buluu, safi kama imetoka kiwandani jana. Kwa ndani ilikuwa na fizi.

"Hiki ukikiuma hakiumi," alisema, bila kucheka.

Aliyecheka ni mwenzake aliyepiga magoti pembeni, mwalimu wa kemia wa sekondari, aliyekuwa anaosha karabureta kwenye mitungi ya maabara ambayo sikuuliza imetoka wapi. Wote humwita Mwalimu.

"Karibu, mgeni," alisema. "Hapa watu huingia na klachi, wakatoka na talaka."

"Nani katoka na talaka hapa?" Sauti ya mwanamke ilitoka jikoni. "Mimi bado niko, na rangi zangu za kucha bado zinaibwa."

Hilo la rangi za kucha lilihitaji maelezo, na Mwalimu hahitaji kuombwa mara mbili. Wako watu sita au saba mjini wanaopenda pikipiki hizi, na hukutana hapa kila Jumamosi. Kila mmoja ana chupa yake ndogo ya rangi ya kucha. Ukishakaza bolti hadi mwisho, unachora mstari mwembamba kuanzia kichwani mwa bolti hadi kwenye chuma inachokishika. Mstari ukipinda, bolti imelegea. Huhitaji spana kujua. Fizi ni waridi. Mwalimu ni kijani. Na rangi ya mtu haiguswi.

"Ukiweka spana kwenye bolti yenye rangi ya mwenzako," Mwalimu alisema, "ni sawa na kuonja chakula chake uone kama ameweka sumu."

"Na pikipiki haitoki getini bila rangi kila mahali," aliongeza Fizi, akiwa ameshatoa waya wangu.

Kile kichwa kidogo cha madini ya risasi mwishoni mwa waya ndicho kilichokuwa kimeng'oka. Alisema atanitengenezea kingine kwenye ukungu wa plasta, kama atengenezavyo jino, na akaanza kukoroga plasta kwenye bakuli la mpira. Nilimtazama akifanya kazi. Mikono yake ilikuwa na akili nyingi. Uso wake haukuwa na kitu. Alijibu maswali, alisema asante mkewe alipoleta chai, alikunywa chai bila kutia sukari iliyokuwa mbele yake. Mkewe aliichukua sukari, akatia vijiko viwili, akakoroga, akaondoka. Fizi aliendelea kunywa kana kwamba hakuna kilichobadilika kikombeni.

Sina adabu ya kukaa bila kugusa. Nilienda kuchuchumaa mbele ya ile nyeupe na buluu. Shokapu za mbele hazikuwa zake. Zilitolewa kwenye pikipiki changa kuliko hii kwa miaka kumi, pamoja na breki kubwa zaidi, na kazi ya kuzioanisha ilikuwa safi kuliko nyingi nilizoziona katika miji mikubwa. Mistari ya waridi ilikuwa kila mahali. Kisha nikafika kwenye kalipa, lile pande la chuma linalobana diski ya breki ya mbele. Linashikwa na bolti mbili, na bolti zote mbili hazikuwa na rangi.

"Hizi mbili zimesahaulika," nilisema.

Mwalimu aliacha kuosha. "Miezi minne sasa," alisema. "Pikipiki imekwisha tangu miezi minne. Kila Jumamosi anazikaza, kila Jumamosi anazifungua, anasema bado. Sisi tunasema huyu amezeeka."

"Ni ya nani?"

"Ya mdogo wangu," alisema Fizi.

Mwalimu alinisimulia, akiteremsha sauti ingawa mhusika alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Mdogo wake Fizi ni mkufunzi wa chuo cha udereva, anafundisha watu kuendesha pikipiki. Miaka miwili iliyopita, kwenye kona, alishika breki kwa pupa, gurudumu likagoma, akaanguka. Nyonga ilivunjika. Anatembea kwa fimbo, na tangu siku hiyo hajapanda pikipiki. Chuo kimemweka ofisini, anafundisha alama za barabarani ubaoni. Fizi ndiye aliyeibeba pikipiki vipande vipande na kuijenga upya.

"Mkono mzuri kuliko wote mjini," Mwalimu alisema, "halafu unashika breki kama mtu wa siku ya kwanza. Mungu naye."

Simu ya Fizi iliita juu ya benchi. Vidole vyake vilikuwa na plasta, kwa hiyo aliibonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka nje tuisikie wote.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Nasikia imekamilika. Mwalimu kifua chake hakifichi kitu."

"Muongo huyo!" alipiga kelele Mwalimu.

Kicheko kilisikika upande wa pili, kisha kikakatika. "Kaka, sikiliza. Mpe mtu mwingine hiyo pikipiki. Uliijenga kwa mikono yako, mimi nikaivunja kwa mkono wangu. Nimekuomba radhi mara ngapi? Basi naomba tena. Nisamehe."

Fizi alikuwa anafuta plasta kidole kimoja kimoja. "Na leseni yako ya ukufunzi?"

"Inaisha Jumatatu. Naiacha iishe. Chuo wamesema bila leseni hata ubaoni sisimami, na wana haki. Nitamfundishaje mtu kushika breki, kaka? Mimi?"

"Haya."

"Hujakasirika?"

"Hapana. Haya, mdogo wangu."

Simu ilizimika. Mwalimu alisema neno moja la huruma ambalo halikumfikia mtu. Fizi alinawa mikono, akaenda chumba cha mbele, akarudi na kisanduku kama vile vya chini ya taya, ila hiki hakikuwa na jina wala namba. Alikifungua juu ya benchi. Ndani mlikuwa na bolti moja.

"Itazame hesi zake," aliniambia. Hesi ni zile nyuzi za bolti.

Nilizitazama. Zilikuwa safi, hazikukwaruzwa wala kuvutika. Kichwani kulikuwa na nusu ya mstari wa waridi.

"Bolti iliyong'olewa kwa nguvu huja na hesi zimeliwa," alisema. "Hii, ya chini ya kalipa, ilijifungua yenyewe, taratibu, kwa sababu haikukazwa kamwe. Niliiingiza kwa vidole. Ile ya juu niliikaza. Brashi ilikuwa tayari imelowa, na rangi ya kucha hukauka upesi, nikachora zote mbili kwa mkupuo mmoja, nikisema hii ya chini naikaza sasa hivi. Mlango ukagongwa. Mzee mmoja, meno yamevunjika katikati, siku hiyo anamwoza binti yake. Nikamuunganishia. Dakika arobaini. Niliporudi nikaona mistari miwili. Nikanawa."

Mashine ya kufulia nguo ilikuwa inazunguka jikoni.

"Mdogo wangu aliona mistari miwili pia. Angewekaje spana juu ya rangi yangu? Siku ya tatu bolti ikatoka, kalipa ikageuka ikaingia kwenye gurudumu. Yeye alihisi gurudumu limegoma akiwa ameshika breki, akajua ni mkono wake. Nilirudi kwenye kona ile, nikaitafuta mtaroni hadi nikaipata."

Mwalimu alikaa chini, juu ya saruji. "Wewe ndiye uliyekuwa hospitali siku tatu mfululizo," alisema. "Hukulia. Tukasema huyu ana moyo wa jiwe."

"Sikuwa na kitu cha kulia nacho. Ni kama sindano ya ganzi. Unagusa shavu, unajua ni lako, lakini unaona unagusa la mtu mwingine. Mimi nangoja iishe. Wateja wangu huwa inawaisha baada ya saa mbili."

"Nani mwingine anajua?" aliuliza Mwalimu.

"Nyinyi."

Nilimwona Mwalimu akitafuta njia ya kutokea, kama mtu aliyefungiwa ndani ya ofisi. "Basi nyamaza," alisema mwishowe. "Ameshapona. Anakupenda. Ukimwambia, utamkosa."

"Nikinyamaza, Jumatatu anaacha kazi yake kwa kosa langu."

Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyoniambia nipitishe pikipiki nyuma. Kisha alichukua spana ya kupimia nguvu, ile inayolia ta! bolti ikifika kipimo, akaipangia namba, akamnyooshea Mwalimu.

"Kagua zile mbili."

"Siwezi kugusa kazi yako, Fizi."

"Hazina rangi. Bado si kazi ya mtu."

Mwalimu alipiga magoti. Ta! Akahamia ya chini. Ta! Akaifuta jasho spana, kana kwamba ndiyo iliyokuwa inatoka jasho.

"Na zenye rangi," alisema Fizi.

"Hapo umenikosa. Siwezi, hata ukiniua."

Fizi akanigeukia. "Mgeni, wewe hujalelewa nasi. Shika."

Nilishika. Nilizunguka pikipiki ile nzima, bolti baada ya bolti, yeye akibadilisha namba za spana kila nilipohama sehemu. Ta. Ta. Ta. Mwalimu aligeuza uso ukutani, kama mtu anayemsubiri mwenzake avae. Hakuna hata moja iliyosogea. Fizi hakuonyesha kufurahi wala hakushusha pumzi. Alitikisa kichwa kukubali, akaitia ile bolti ya mtaroni kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Mkewe alitoka na kitambaa begani, akaona mkokoteni wa getini unavutwa kando na geti linafunguliwa.

"Inatoka?"

"Inatoka."

"Haina rangi pale chini," alisema. Mwanamke huyu amekaa na watu hawa miaka mingi. "Nikuletee chupa?"

"Acha. Zile mbili nitamwachia mdogo wangu azikaze upya mwenyewe na kuzichora. Ana chupa yake nyeupe." Akavaa kofia, mkewe akamsaidia ukanda chini ya kidevu. "Akitaka," aliongeza.

Pikipiki iliwaka mara ya pili, ikatetemesha taya zote za plasta kule chumba cha mbele. Alilazimika kupaza sauti kunielekeza: waya wangu, ambao alikuwa ameshaumiminia risasi, nisiutoe kwenye ukungu kabla ya saa moja kupita, risasi ipoe kabisa. Na saa sita atakuja mama mmoja kuchukua meno yake, sanduku namba kumi na nne, nimwambie asile kitu kigumu leo.

"Mwalimu si yupo?" nilisema.

Mwalimu alikuwa bado amekaa sakafuni, mikono imelegea magotini, karabureta zake zote nne wazi mbele yake. Fizi alimtazama.

"Mpe wewe," aliniambia.

Nilisimama getini kumwangalia. Alikwenda polepole kuliko baiskeli. Kwenye kona ya muuza magazeti taa nyekundu ya breki iliwaka, na barabara ilikuwa tupu, hakuna gari wala mtu, lakini iliendelea kuwaka muda mrefu, yeye amesimama na mguu chini. Muuza magazeti alinyanyua mkono kumsalimia. Kisha taa ikazimika, naye akakata kushoto.

Nilirudi ndani, nikavuta kiti chake, nikakaa kati ya meno ya watu kungoja saa sita.