Viatu vya Karani

Kijiji kizima cha Kitangari kilimjua punda wa Emilia kwa jina la Karani, maana alipenda kula vizuri na hakupenda kuharakishwa. Emilia alimpenda hivyohivyo. Kabla ya Karani, maji ya nyumba yake yalipanda mlima kutoka bondeni juu ya kichwa chake mwenyewe, kila alfajiri, kwa miaka kumi na miwili ya ndoa.

Basi mwaka 1956 Karani akavunja mlango wa ghala, akala mtama mpaka akavimbiwa. Kesho yake kwato za mbele zilikuwa za moto, hataki kukanyaga. Nikolao, mume wa Emilia, fundi wa katambuga, viatu vya matairi, akazipaka mafuta ya maganda ya korosho kama watu wanavyopaka nyufa za visigino. Akaambulia teke la paja. Bwana Mifugo alipopita akatikisa kichwa: asipotembea kufikia Jumamosi, apigwe risasi.

Emilia aliutazama mtungi, shingo ikaanza kumuuma kabla hajaubeba. Kisha akamtazama punda. Miguu ya mbele kaitanguliza, uzito wote kauegemeza visiginoni. Yeye naye, siku alipojikwaa kidole bondeni, alipanda mlima namna hiyo.

"Baba Cyril," alimwambia mumewe, "huyu anaumia mbele. Mshonee katambuga. Kisigino kiwe kinene, mbele pawe wazi."

"Punda?"

"Kwani hana miguu?"

Nikolao alicheka, lakini akakata tairi bovu la lori, akashindilia sufi ndani ya ngozi. Pea ya kwanza ilichomoka. Ya pili ilibana. Ya tatu akaifunga kwa kamba za ngozi, na Karani akainusa kwa muda mrefu, halafu akaondoka polepole moja kwa moja hadi kwenye muhogo wa jirani. Emilia alilia huku anacheka.

Jumamosi Bwana Mifugo alimkuta anatembea, akaondoka na bunduki yake. Wiki sita Emilia alibeba maji mwenyewe bila kunung'unika, punda apone sawasawa. Siku waliyoteremka pamoja kisimani, jirani yake Veridiana aliwaangalia juu hadi chini.

"Mama Cyril, Karani kavaa viatu, wewe mke wa fundi uko pekupeku?"

Wanawake wakaangua kicheko. Emilia alicheka nao, akaitazama miguu yake, kicheko kikamwishia.

Alipofika nyumbani hakushusha maji mgongoni kwa Karani. Aliweka mguu wake wenye vumbi juu ya benchi, katikati ya vipande vya ngozi, mbele ya mumewe.

"Mimi," alisema, "kisigino kiwe cha kawaida tu."